Jicho la Mfano

Mdogo wangu mpendwa,

Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa: marahaba. Kwanza nakujulia hali. Goti je, limeacha kukusumbua asubuhi za baridi? Na kile kikohozi? Mpwa wangu anayekusomea barua hii nampa salamu zake mwenyewe, na namwomba aketi vizuri, maana leo mjomba wake ana maneno mengi na mwandiko wake umezeeka. Akikuta neno limepinda alirudie mara mbili, lakini asiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaomuuma.

Mimi bado nipo. Mwezi uliopita daktari wa moyo aliniambia kwamba pampu yangu imechoka, na hakuna kipuri. Aliniuliza kama nina mtu nyumbani. Nikamjibu ninaye. Nilikuwa namaanisha mama anayekuja kunifulia Jumanne na Ijumaa. Wanangu hupiga simu Jumapili kutoka huko waliko, huniuliza kama nimekula, nami husema nimekula, basi mazungumzo huishia hapo. Tangu wifi yako aondoke sasa ni miaka saba. Ratiba ya redio ya jirani yangu naijua kuliko ninavyomjua jirani mwenyewe: saa moja habari, saa moja na nusu matangazo ya vifo, kisha muziki. Kile kiti cha kupimia macho ambacho chuo kilitaka kukitupa nilikichukua, na ndicho ninachokalia kunywea chai. Kinapanda na kushuka kwa kukanyaga. Hakuna wa kumshangaza nacho.

Wanafunzi wangu wamejaa mji huu. Nikipita barabarani wananisalimia kwa heshima zote, halafu wananiuliza, mwalimu, unatuona? Nacheka, maana hucheka mtu akitaniwa. Kisha kila mmoja anashika njia yake.

Nawaona, mdogo wangu. Macho yangu yanaona mpaka vumbi kwenye pindo la pazia. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Lakini kabla sijaingia ndani, niseme ombi langu likae mbele yetu muda wote. Nataka binti yako, huyu huyu anayekusomea, akapimwe macho. Si kusomeshwa herufi tu na kupewa miwani. Apimwe presha ya macho, achunguliwe nyuma ya jicho, aketishwe kwenye mashine ya taa. Najua atasema anaona vizuri. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nimerudi kutoka masomoni na sanduku la lenzi na kichwa kilichovimba, nimepewa kazi ya kufundisha chuoni na kupima watoto mashuleni, na ubao wa herufi ulikuwa mmoja tu kwa idara nzima. Wewe ulikuwa unachora mabango ya maduka na vinyozi. Nikakuletea vipimo kwenye karatasi: herufi ya juu kabisa milimita themanini na saba na kidogo, ya mwisho nane na kidogo. Ukaniuliza kidogo ni kiasi gani, maana wewe ni fundi na hujawahi kuchora kidogo. Nilirudi ofisini nikapiga hesabu upya kwa sababu yako.

Ulichora mbao sitini. Zile za watoto wasiojua kusoma zilikuwa na umbo moja la miguu mitatu, limegeuzwa huku na huku, na mtoto anaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Wao waliliita meza iliyoanguka. Kwa mbao zile tulipima shule baada ya shule. Tuliwapata watoto waliokuwa wanachapwa kwa uzembe kumbe hawaoni ubaoni, na mmoja aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza akauliza kama miti siku zote ilikuwa na majani mojamoja. Nilisifiwa mikutanoni kwa kazi hiyo. Sikumbuki kama nilikutaja.

Halafu kuna lile darasa la kuchungulia. Kila mwaka nilikuita, nawe uliacha kazi zako ukaja, ukaketi kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, wanafunzi wakapanga foleni na vitochi vyao kujifunza jicho zima linavyoonekana kwa ndani. Wakakuita Shangazi. Kwa kuwa anayechungulia lazima asogeze uso mpaka pua zikaribie kugusana, ulikuwa na sheria zako. Aliyekula vitunguu ulimwambia akae mwisho wa foleni, na mwenye kupumua kwa nguvu ulimuuliza anapandisha mlima gani. Walikupenda kuliko walivyonipenda mimi. Nami nilikuwa nasimama kando na kusema maneno yale yale kila mwaka, kwamba hili ndilo jicho la mfano, yafaa walikariri.

Nieleze kidogo kwa ajili ya mpwa wangu. Nyuma ya jicho pana duara dogo, mfano wa kisahani, hapo ndipo mshipa wa kuonea unapoingia. Katikati ya kisahani pana shimo, sisi huliita kikombe. Kwa mtu mzima mwenye afya kikombe ni kidogo na kisahani ni kipana. Presha ya macho ikiingia, kikombe kinapanuka na kula kisahani, polepole, bila maumivu, bila wekundu, bila dalili yoyote. Wapo watu wachache waliozaliwa na kikombe kikubwa na hawana ugonjwa. Hao wachache ndio walionidanganya, au niseme ukweli, ndio niliojificha nyuma yao.

Mwaka ule darasani palikuwa na msichana wenzake wakimwita Mkimya. Wewe ulikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alichungulia jicho lako la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Wenzake wakaanza kukohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini chumba kizima kilisikia: "Mwalimu, kikombe cha Shangazi ni kikubwa mno. Na ukingo wa chini umeisha."

Nilimjibu kwamba familia yetu ndivyo tulivyozaliwa, kwamba cha kwangu ni vivyo hivyo na hapa nipo, na kwamba mpima macho asiyejua tofauti za watu atautibu mji mzima. Wakacheka. Haikunitosha. Nikakuomba usome ubao. Ukausoma mpaka mstari wa mwisho bila kuvuta pumzi, halafu ukasema kama wanataka utawasomea na ule uliofungiwa kabatini. Darasa likaangua kicheko. Nikamuuliza Mkimya, sasa huyo mgonjwa yuko wapi. Alifunga kitochi chake, akaenda kukaa.

Ubao ule uliuchora wewe. Ungeusoma hata ukiwa umegeuzia ukuta kisogo. Na hata kama usingekuwa wako, kusoma kwako hakukuthibitisha kitu, kwa kuwa ugonjwa ule huanza kula pembeni na katikati humwachia mtu mpaka mwisho. Hilo nilikuwa nimelifundisha darasa lile lile wiki mbili kabla. Mtihani wa vitendo ulipofika nilimpa Mkimya alama za chini, akarudia mwaka. Wewe hili hukuwahi kulijua.

Hata hivyo, siku ile kosa langu lilikuwa la kiburi tu. Walimu hukosea. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na barua ya kuandika.

Miaka miwili baadaye chuo kilipata mashine mpya ya kupima upana wa kuona. Unaweka kidevu mahali pake, unatazama nukta moja mbele, na kila unapoona kitaa kinawaka pembeni unabonyeza kitufe. Nilitaka kuijua kabla ya wanafunzi, nikajifungia nayo mchana wakiwa kwenye chakula. Karatasi ilipotoka, upande mmoja wa jicho langu la kulia ulikuwa na doa jeusi kama moshi kwenye kona ya dari. Nikarudia. Doa likarudi. Nikamwita fundi mitambo, nikamgombeza kwamba wametuletea mashine mbovu. Yule bwana hakubishana nami, alikaa yeye mwenyewe, akabonyeza, karatasi yake ikatoka nyeupe kama shuka. Akanitazama kwa upole akasema mashine iko sawa, mwalimu.

Wiki ile nilikwenda mji mwingine, kwa mganga wa macho asiyenijua, nikapimwa kwa jina tu bila cheo. Ilikuwa presha ya macho. Akanipa matone ya kutia kila jioni, akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ninaye mmoja. Akasema nikamwambie upesi. Nikasema nitafanya hivyo.

Matone hayo nayatia mpaka leo. Nilipokuja kwako kulala siku mbili tatu, niliyaficha ndani ya soksi, nikajifungia bafuni na kufungua bomba la maji ili usisikie nikifungua chupa. Uliwahi kunitania kwamba nimezeeka nikawa samaki, kila jioni niko majini. Nilicheka na matone yakinitiririka shavuni.

Najua utauliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu langu ni dogo mno kwa uzito wa jambo lenyewe. Ili nikwambie wewe, ilinibidi nikiri kwamba uliambiwa tayari, mbele ya watu thelathini, na kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha aliyekwambia. Wakati huo nilikuwa mkuu wa idara. Nikajipa mwezi mmoja. Mwezi ukazaa mwingine.

Kisha ikaja ile kampeni. Wizara ilitaka maneno mafupi ya kuandikwa kwenye kuta za zahanati, na kamati ikanitwisha mimi. Nikaandika ninachokijua: UKIAMBIWA UNA PRESHA YA MACHO, WAAMBIE NDUGU ZAKO LEO. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuyachora. Kuta arobaini. Nilikuja kukuangalia kwenye ule wa tatu au wa nne, uko juu ya ngazi, na uliposhuka mguu wako ulikosa kipandio cha mwisho ukajishika ukutani na kiganja cha rangi. Ukacheka, ukasema uzee umeanza na miguu. Nilijua haukuanza na miguu. Kipandio kile kilikuwa chini na pembeni, mahali ambapo macho yako yalikuwa yameanza kufa.

Nilikuwa nimekuja siku ile na maneno mdomoni, naapa. Na wewe ukanifungulia mlango mwenyewe. Ulikuwa unafuta mikono kwa kitambaa, ukautazama ukuta, ukasema: "Kaka, na sisi je? Sisi ndugu tumeshapimwa?"

Nikakujibu: "Wewe ulipimwa na darasa zima."

Ukacheka. Ukakumbuka vitunguu. Ukapanda tena ngazi, ukamalizia neno LEO.

Hilo ndilo ninalokiri, mdogo wangu. Mengine ni maelezo. Uliniuliza kwa kinywa chako, mimi nikijua, nikakudanganya kwa mzaha ili usiulize tena, na hukuuliza tena. Ilikuwa bado mapema. Matone haya haya yaliyoyatunza macho yangu yangeyatunza na yako, kama si yote basi sehemu kubwa.

Ulipokuja kliniki miaka mitano baadaye, binti yako akikushika mkono, ulikuwa unaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa linafungwa. Nilikushika bega nikakwambia ni ugonjwa wa kunyatia, hakuna ambaye angejua. Ukanifariji wewe. Ukaniambia nisijilaumu, ni zile rangi, ni tapentaini na jua la ukutani miaka yote ile. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema neno, nikatikisa kichwa tu, nikasahau kwamba wewe hukuona kichwa changu. Ukauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Haikuwa rangi. Mpwa wangu, lisome tena hilo kwa sauti: haikuwa rangi. Mikono ya mama yako haikuyadhuru macho yake. Najua ulivyokuwa unachora wewe, ukiwa na miaka kumi na minane, na najua mama yako alivyozikusanya brashi zote akampa mpita njia ili usije ukapofuka kama yeye. Leo unakaa nyuma ya kaunta ukipiga mihuri kwenye fomu za watu. Hilo nalo nilikuwa na uwezo wa kulizuia kwa sentensi moja, na nikalitazama likitokea.

Baada ya hapo, mdogo wangu, nikapunguza kuja kwako. Ulidhani nimepata vyeo, na jirani yako alinisengenya kwamba nimesahau nilikotoka. Ukweli ni kwamba sikuweza kukutazama ukipapasa ukuta kutafuta mlango wa jikoni. Nilikuwa na dada mmoja duniani wa kucheka naye, nikampoteza akiwa hai, mwendo wa saa nne tu kwa basi. Huu upweke ninaokuandikia, nisiulaumu uzee. Niliutengeneza mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda hospitali kubwa, idara ya macho. Mkuu wake sasa ni Mkimya. Nilichukua namba kama wagonjwa wengine nikakaa kwenye benchi. Alitoka akaniona, akataka nipite mbele, nikakataa. Nilipoingia zamu yangu, nilimweleza yote haya, kuanzia kitochi mpaka ngazi. Hakuonekana kushangaa. Alisema: "Mwalimu, nilidhani siku moja utakuja na Shangazi. Umekuja peke yako."

Nilimwomba msamaha kwa ule mwaka aliorudia. Akasema huo ameshausahau, ila kuna jambo hajalisahau. Alipohitimu alifikiri kukutafuta yeye mwenyewe akwambie, kisha akaogopa kuonekana ana kinyongo na mwalimu wake, akaacha. Kwa hiyo na yeye analo lake, na hawezi kunitua langu. Halafu akauliza binti yako ana miaka mingapi. Nikamwambia arobaini na mmoja. Akavuta kadi mezani, akaandika tarehe. Akaniambia nikuandikie. Nisipoandika atamtafuta huyo binti mwenyewe, na hatamficha sababu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikasimama mara tatu kupumzika. Nilitamani kumsimulia mtu. Nikaketi kwenye kiti, nikasikiliza matangazo ya vifo kupitia ukuta wa jirani.

Sikuombi unisamehe. Mtu akiombwa na anayekaribia kufa, hana nafasi ya kukataa, na wewe nataka ubaki na nafasi hiyo. Nilikunyima nyingine zote.

Kadi iko ndani ya bahasha hii. Ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Mpwa wangu, usipake wanja, na usipange kazi nyingine siku hiyo, maana watakutia dawa ya kupanua mboni na mwanga utakusumbua mpaka jioni. Inatakiwa uje na mtu wa kukushika mkono. Njoo na mama yako. Najua mtakuwa wawili msioona vizuri mnaongozana kwenye korido, na wauguzi watapata la kuzungumza, lakini yeye anastahili kuwepo utakapoambiwa ulivyo, na Mkimya ataweka kiti cha pili.

Kutoka hospitali mpaka kwangu ni dakika kumi. Sisemi mpite. Msipopita nitajua ni kwa haki. Ninaloomba, mpwa wangu, ni neno moja tu kwa posta au kwa simu: kwamba umekwenda. Hata kama hamtaki kuniambia lolote tena maishani, hilo moja msininyime.

Nisalimieni jirani yenu anayewasaidia kuteka maji, yule mkali aliyenisengenya. Alikuwa na sababu kuliko alivyojua. Wasalimieni watoto wake. Na wewe, mdogo wangu, nakuaga kwa mikono yote miwili, nikikuombea usingizi mzuri na goti lisilouma.

Ni mimi,
kaka yako.